Komedi ya mapenzi yenye matusi: nimwamini nani?

Umesema unataka kutazama komedi ya mapenzi yenye matusi, ila maoni ya watazamaji yanapingana: mmoja kacheka mpaka machozi, mwingine kaizima dakika ya 20. Usihangaike na wastani wa nyota. Filamu za namna hii huweza kupewa 5 au 1 na wengi, katikati wachache, hivyo wastani wa 3 huwakilisha watu wachache tu. Hata 60% ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya hakiki za filamu, ni sehemu ya wahakiki walioipenda, si alama 60 kwa 100.

Soma maoni ya nyota 2 na 4. Hao mara nyingi hutaja vitu: utani wa chooni, nani anachekwa, kama wapenzi wenyewe wanaendana. Oni la "Uchafu mtupu" tu halikusaidii. Trela nayo mara nyingi huchujwa matusi, kwa hiyo jaribu dakika 15 za mwanzo. Ukiwa na wazazi sebuleni, chagua nyingine tu.