Kwa katibu mpya wa kikundi cha wabanguaji korosho

Ukipewa ukatibu wa kikundi cha wabanguaji wadogo, iwe Newala, Masasi au Nachingwea, mapema tu utatumwa kwa muuza vifungashio ukaombe bei ya jumla. Kila mwanachama akutajie idadi ya mifuko anayohitaji kwa mwezi, basi. Watu 12 wakichukua 300 kila mmoja, unakwenda na oda ya mifuko 3,600, na bei unaiomba kifua mbele. Anauza korosho zake shilingi ngapi na kwa nani, hayakuhusu. Akianza kukutajia, mkatize.

Kikao hichohicho cha kupanga oda ndiko mambo huharibikia. Mifuko ikishakubaliwa, mmoja atasema: "Sasa na sisi tusiuze kilo chini ya bei fulani." Mwingine, na huyu ndiye wa hatari zaidi: "Msimu huu korosho ghafi tusivuke bei fulani." Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 kinakataza washindani kupangiana bei, kususia kwa pamoja na kula njama kwenye zabuni, na Tume ya Ushindani haihitaji kuonyesha aliyeumia. Faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Utani wa kwenye grupu la WhatsApp nao ni maandishi. Jibu palepale kwamba hilo hamlijadili, liingie kwenye muhtasari, kikao kifungwe.

Mbona wakulima hugomea bei mnadani? Wao mzigo wao unauzwa kwa pamoja kupitia chama cha ushirika na stakabadhi ghalani, yaani mzigo unawekwa ghalani kwa risiti hadi uuzwe. Nyinyi ni wafanyabiashara 12 mnaogombea wateja walewale. Cheti cha kikundi kutoka halmashauri hakibadilishi hilo.

Oda yenyewe isiwe kamba shingoni: andikeni kwamba kila mtu yuko huru kununua kwingine, na msimtishe muuzaji kuwa akikataa mtamhama wote. Australia, tangu Juni 2021, biashara yenye mauzo chini ya dola milioni 10 za huko inaweza kuungana na wenzake kujadiliana na muuzaji kwa kujaza fomu fupi, lakini hata huko kususia hakumo. Hapa, mkiwa na wasiwasi, pelekeni rasimu Tume kabla ya kusaini. Kifungu cha 12 kinaipa uwezo wa kutoa msamaha kwa makubaliano ambayo faida yake inazidi madhara, na hilo mtalithibitisha kwa hesabu: bei ya mfuko mmoja mkinunua mmojammoja, na bei yake mkinunua 3,600.