Baba Aliyemgeuza Mwanawe Uso Asilione Duka Langu

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja wa Mbeya. Mwaka jana alifungua duka la midoli na zawadi, akapiga rangi, akaweka taa, akapanga mzigo wa maana. Anasema: "Dada, watu wanaingia, wananunua, wanasifia, halafu siwaoni tena. Nifanye nini warudi na watoto wao?" Nikamjibu kwamba nitamwandikia. Nimekaa na swali lake siku mbili, maana jibu lenyewe linanigusa mahali panapouma. Nimeona niliweke hapa ili na nyie wengine mnaouza vitu vya watoto msome. Najua sote tunatamani kitu kimoja: duka linalouza mwaka mzima, si Krismasi na Idi peke yake.

Duka langu liko Morogoro mjini, si mbali na Soko la Kingalu. Nilianza na fremu moja nyembamba, kodi ya miezi sita niliilipa kwa hela ya kikoba. Habari za leseni na mashine ya risiti siziandiki, kila mfanyabiashara anazijua. Mzigo niliufuata mwenyewe Kariakoo. Napanda basi alfajiri, narudi usiku na viroba vitatu, hadi mawinga, wale madalali wa Mtaa wa Kongo, wakawa wananiita kwa jina. Na biashara ilikwenda. Desemba nilikuwa naongeza vijana wawili wa kufunga zawadi, na foleni ilikuwa inafika nje. Nilijiona nimefika.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwezi wa 11 mwaka 2022. Akaingia baba mmoja na binti yake wa kama miaka sita, bado yuko kwenye sare ya shule. Walikuja kununua penseli za rangi, basi. Mtoto akaona mdoli wa nywele ndefu ndani ya boksi la pinki. Ulikuwa shelfu ya chini kabisa, na niliuweka pale makusudi. Kariakoo nilifundishwa hivyo: cha bei kubwa kiweke chini, mtoto akione kabla ya mzazi. Bei yake elfu 18.

Mtoto akalikumbatia boksi. Baba akasema, "Tutarudi, mama." Mtoto akaanza kulia, kile kilio cha kukaza mwili mzima. Baba akatoa simu, akaangalia salio, akairudisha mfukoni, akaitoa akaangalia tena. Akainama akaanza kumbandua mtoto vidole kwenye boksi, kimoja kimoja, taratibu, bila kumkaripia. Mimi nikiwa nyuma ya kaunta nikasema, "Jamani baba, mtoto analia hivyo kwa elfu 18 tu?"

Wateja wawili waliokuwepo wakacheka. Baba akanyanyuka, akalipa. Alihesabu noti, kisha sarafu za mia mbili mbili. Hakusubiri mfuko, na penseli za rangi alizisahau juu ya kaunta.

Mimi nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Usiku nilimsimulia mume wangu jinsi nilivyouza mdoli wa elfu 18 kwa mtu aliyekuja kununua penseli.

Wiki kama tatu baadaye nimekaa mlangoni, nikamwona anakuja na mtoto yuleyule. Walipobakiza hatua kumi wafike kwangu, akamshika mkono akavuka naye barabara. Akaweka kiganja kwenye shavu la mtoto, akamgeuza uso aangalie upande wa pili, wakapita hivyo haraka haraka hadi kona. Tangu siku ile hajaingia tena dukani kwangu.

Dada yangu wa Mbeya, wateja wako wako huko. Wako ng'ambo ya barabara, wamewaziba watoto wao macho.

Ningependa kusema nilibadilika siku ileile. Sikubadilika, mauzo yalikuwa bado yapo. Kilichonitikisa ni treni. Tarehe 14 Juni 2024 safari za treni ya kisasa, SGR, kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilipoanza, nilishangilia kama kila mtu hapa mjini. Nauli ya daraja la kawaida shilingi 13,000, na chini ya saa mbili uko Dar. Haukupita muda nikaanza kuona wateja wangu wanashuka stesheni ya Kihonda jioni na viroba vyao wenyewe. Midoli ileile, magari yaleyale ya rimoti, kwa bei ya jumla. Krismasi ya mwaka ule mzigo ulinilalia. Februari bado nilikuwa napishana na maboksi chooni.

Kila niliyemlilia aliniambia shusha bei. Nikashusha. Jamani, mzigo nimeutoa Kariakoo, nitamshindaje kwa bei mtu ambaye Kariakoo anakwenda na kurudi siku moja? Nilikuwa najichinja mwenyewe. Ndipo usiku mmoja nikafunga duka, nikakaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama yule binti, nikaangalia shelfu zangu kwa urefu wa mtoto. Kila kilichokuwa mbele ya macho yangu kilikuwa kitu ambacho mzazi wa kawaida angekikataa. Nilikuwa nimejenga chumba cha kugombanisha wazazi na watoto.

Kesho yake nikapangua duka zima. Shelfu ya chini nikaweka vitu vya shilingi 500 hadi 2,000: gololi, pia za kuzungusha, stika, maputo, vichupa vya mapovu ya sabuni. Vya bei nikavipandisha juu, kwenye usawa wa macho ya mtu mzima. Mzazi akitaka kumshushia mwanawe, atakishusha mwenyewe, kwa hiari yake, na sifa atachukua yeye. Hiyo kazi haikunigharimu hata senti. Ukiniuliza leo jambo moja tu la kufanya, nitakwambia hilo: pangua shelfu ya chini. Mzazi akijua anaweza kuingia kwako na buku moja mfukoni akatoka na mtoto anayecheka, ataingia leo, ataingia wiki ijayo.

La pili ni neno "tutarudi." Zamani nikilisikia nilijua mteja amekwenda. Siku hizi nikilisikia natoka nyuma ya kaunta, nachuchumaa, namuuliza mtoto anaitwa nani. Halafu namwonyesha vibubu, vile visanduku vya kuwekea akiba. Kuna seremala wa Mazimbu ananitengenezea kwa vipande vya mbao vinavyobaki, navyouza shilingi 2,500. Juu naandika jina la mtoto kwa kalamu ya wino mzito, chini naandika jina la kitu anachokitaka na bei yake ya siku hiyo. Bei hiyo siipandishi hata mzigo ukipanda, nimeahidi na nimeshaumia mara mbili kwa ahadi hiyo na sijairudisha nyuma. Mtoto anaondoka amekumbatia kibubu badala ya boksi, na baba yake anatoka mlangoni amenyoosha shingo.

Kibubu kinakaa nyumbani. Ila kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakuja nacho dukani tukipime. Nina mizani ndogo ya jikoni pale kaunta. Tunakiweka, tunasoma gramu, naandika kwa penseli ubavuni mwa kibubu chini ya namba ya mwezi uliopita. Mngeona nyuso zao namba ikipanda! Noti haina uzito, kwa hiyo watoto wenyewe wanawabana wazazi wao wawape sarafu. Kikijaa, nyundo iko chini ya kaunta, kinapasuliwa mbele ya watu wote, na mtoto anahesabu mwenyewe. Kuna kijana wa darasa la tatu alichukua miezi saba kufikia gari lake la rimoti. Mara saba mama yake aliingia kwangu, na mara zote saba hakutoka mikono mitupu: leo karatasi ya zawadi, kesho kadi ya kipaimara cha mtoto wa dada yake, siku nyingine betri.

Na hizo betri zina habari yake. Jumamosi hizohizo mpwa wangu anakaa na bisibisi anatengeneza midoli iliyokufa, bure. Mara nyingi tatizo ni waya umeng'oka, au betri imevuja na vyuma vya ndani vimeota unga mweupe. Pamba yenye siki kidogo, unafuta, unakausha, gari linatembea. Hata kama limenunuliwa Kariakoo tunatengeneza. Mwanzoni hilo lilinikera, nikawa naona natengeneza mali ya watu walionikimbia. Lakini familia inayosubiri gari litengenezwe inakaa dukani nusu saa, na hakuna mtu wa Kariakoo atakayekutengenezea gari la elfu sita katikati ya mikokoteni.

Semeni ukweli kwa wazazi. Kwenye boksi nyingi kuna kile kiduara chenye uso wa mtoto na 0-3, kimekatwa mstari. Maana yake mtoto chini ya miaka mitatu asipewe, kuna vipande vidogo vya kumkaba. Bibi mmoja alitaka boksi la vipande vya kuunganisha kwa mjukuu wa mwaka mmoja na nusu, pesa mkononi. Nilikataa kumuuzia. Nikamwonyesha na zile betri bapa kama kifungo, nikamwambia mtoto akimeza ile inaweza kumuunguza koo kwa ndani, kwa hiyo asinunue popote kitu ambacho mfuniko wa betri haujafungwa kwa skrubu. Alinuna. Idi iliyofuata alikuja na wajukuu sita, kila mmoja kashika pesa yake ya sikukuu, akawaambia, "Huyu mama hadanganyi."

Jambo la kumbukumbu za siku ya kuzaliwa nilikosea, nisiwafiche. Nilikuwa nachukua namba za simu kwenye miamala ya malipo, nawatumia watu meseji za pongezi za watoto. Mama mmoja alinipigia kwa hasira: nani amekupa namba yangu, na jina la mwanangu umelipata wapi? Alikuwa na haki. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mimi niliichukulia kama mambo ya mabenki. Sasa nina daftari, mzazi anaandika kwa mkono wake mwenyewe akitaka, na asiyetaka simuulizi mara mbili. Wiki moja kabla ya siku yenyewe namtumia mzazi, kamwe si mtoto, na simtajii bidhaa yoyote.

Wenzangu, tuache kumtumia mtoto kama ndoana. Najua mnafanya, maana na mimi nilifanya na nikajisifu. Tunawawekea vitu puani, tunawasha midoli inayoimba mlangoni, halafu tunashangaa mbona familia hazirudi. Heshima ya mzazi mbele ya mwanawe ni mali yake, ukimvunjia dukani kwako hata umpe punguzo la nusu bei hatakanyaga tena. Mlinde baba wa watu. Mpe mlango wa kutokea. Mwenye elfu moja mpokee kama mwenye elfu hamsini, maana mwenye elfu moja anakuja mara arobaini kwa mwaka.

Barabara ile bado naiangalia. Yule binti sasa atakuwa na kama miaka tisa, na sina hakika ningemtambua akisimama mbele yangu. Penseli zake za rangi nilizihifadhi kwenye droo ya kaunta, ziko mpaka leo na pakiti haijafunguliwa.

Jumamosi hii ni ya mwisho wa mwezi, tunaanza kupima saa nne asubuhi. Dada wa Mbeya, kabla hujaniuliza lingine lolote, chuchumaa hapo dukani kwako, piga picha shelfu ya chini, unitumie.