Maswali ya wasomaji: Blogu yangu inafunguliwa, lakini haisomwi

Safari hii tumechagua barua za wanaoandika blogu binafsi, yaani mtu anaandika maisha yake, kazi yake na anayoyaona. Blogu za habari na za udaku tumeziacha kando. Barua nyingine tumezifupisha.

Ndugu mhariri, naandika blogu kuhusu kuku wangu wa kienyeji na maisha ya huku kwetu. Takwimu zinaonyesha watu wanaifungua, ila ndani ya sekunde chache wameshatoka. Nimeambatanisha mwanzo wa makala yangu ya mwisho. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Mwanzo wenyewe ni huu:

"Habari za wakati huu wapendwa wasomaji wangu. Ni matumaini yangu kuwa hamjambo na mnaendelea vyema na majukumu ya kulijenga taifa. Ni muda mrefu sijaandika kutokana na kubanwa na mambo mbalimbali. Kama tujuavyo, suala zima la ufugaji lina changamoto nyingi. Leo nimeona ni vyema niwaletee changamoto mojawapo niliyokutana nayo, ambayo ni ugonjwa."

Aya nzima imekwisha na msomaji hajui ugonjwa gani, kuku wangapi, wala kama walipona. Wengi wanaifikia makala kwa kiungo walichotumiwa WhatsApp, wako kwenye daladala au foleni ya benki. Kioo cha simu kikishatoa nafasi ya kichwa na picha, kinabaki na nafasi ya aya moja tu. Aya hiyo ndiyo anayoamulia kama aendelee au arudi kwenye kundi.

Jambo la kufurahisha ni kwamba makala yako nzuri ipo, imejificha kwenye aya ya sita. Tumeitoa huko tukaipandisha juu, bila kuongeza habari yoyote:

"Jumanne asubuhi jogoo alikuwa amepinda shingo, anazunguka palepale. Kufika Ijumaa nilikuwa nimebakiwa na kuku wanne kati ya ishirini na sita. Chanjo ya mdondo ni tone moja la jicho, kila baada ya miezi mitatu. Zamu hii niliiahirisha kwa sababu pesa ilikwenda kwenye mchango wa harusi ya shemeji."

Angalia kilichobadilika. Kuna siku, kuna mnyama anayefanya jambo linaloonekana, kuna hesabu, na kuna harusi. Kijikaratasi cha daktari wa mifugo kitamweleza mfugaji habari za mdondo na chanjo yake vizuri kuliko wewe. Harusi ya shemeji hakitaitaja. Hiyo ndiyo sehemu ya makala ambayo hakuna mwingine angeweza kuiandika, na ndiyo inayomfanya msomaji arudi wiki ijayo kuona umeanzaje tena.

Kazi yenyewe fanya hivi. Andika makala hadi mwisho bila kuihangaikia. Kisha shuka nayo kutoka juu ukitafuta sentensi ya kwanza yenye kitu kinachoonekana, namba, au mtu anayetenda jambo. Kata kila kilicho juu yake. Soma tena. Ukiona msomaji atapotea kwa kukosa jambo fulani, lirudishe hilo tu, kwa sentensi moja, palepale linapohitajika. Mara nyingi utagundua hukuhitaji kurudisha chochote.

Baada ya hapo pitia maneno yanayojaza nafasi: "suala zima la", "kwa namna moja ama nyingine", "ikumbukwe kwamba", "kimsingi", "nyanja mbalimbali". "Changamoto" ndilo baya kupita yote, kwa sababu linafunika madeni, wizi, ugonjwa na ugomvi wa mipaka chini ya shuka moja. Kila ukilikuta, taja kitu chenyewe.

Kuna watakaosema kuanza bila salamu ni utovu wa adabu. Kwenye barua na kwenye simu, sawa. Ila kwenye makala anayefika ni msomaji, na hana haja ya kujuliwa hali na mtu asiyeweza kumsikia akijibu. Na kama hukuandika kwa miezi minne, usiombe radhi. Wengi hawakujua, na waliojua wamefurahi kukuona.

Nimeambiwa nichague mada moja la sivyo blogu haitakua. Mimi nawaza magari ya matatu, vitabu, mapishi ya mama na kesi za mashamba. Nifanye nini? (Msomaji, Nairobi)

Ushauri huo ni wa mtu anayetaka kuuza kitu. Blogu binafsi haihitaji mada moja, inahitaji jicho moja. Aliyekupenda ulipoeleza kondakta anavyokumbuka chenji ya abiria kumi bila kuandika popote, atakufuata hadi kwenye kesi ya shamba, mradi uitazame kesi kwa jicho lilelile.

Mfano mzuri upo kwetu. Mtanzania Ndesanjo Macha alipoanza blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, wenye kublogu kwa Kiswahili karibu hawakuwepo. Mwaka uliofuata mpigapicha Issa Michuzi akaanza yake, na ikasomwa sana na Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni. Ukiipima kwa kanuni ya mada moja, Michuzi ilikuwa vurugu: harusi, misiba, hafla za serikali, picha za Dar ya zamani, matangazo ya waliopotezana. Kilichoishika pamoja ni picha yenye maelezo mafupi, utani wa mwenyewe, na wasomaji kuitwa "wadau" hadi wakajiona wana hisa mle ndani.

Masharti ni mawili tu. Makala moja ibebe jambo moja: matatu na mapishi ya mama visikutane kwenye ukurasa mmoja, isipokuwa kama mama anauza chakula stendi. La pili ni jaribio dogo. Chukua makala yako, futa jina, mpe rafiki anayekufahamu. Akishindwa kutambua kuwa ni yako, tatizo halikuwa mada.

Makala iwe na urefu gani, na niandike mara ngapi kwa wiki? (Msomaji, Dodoma)

Maneno 500 hadi 900 yanatosha jambo moja lililoelezwa vizuri. Maneno 2,000 yanasomeka pia ikiwa kuna kisa kinachosonga. Yanayochosha ni maneno 600 yaliyonyoshwa yafike 1,200. Aya ziwe fupi kuliko za kitabu, maana sentensi nne za karatasini zinajaza kioo kizima cha simu.

Kuhusu mara ngapi: mara moja kwa wiki kwa mwaka mzima ni bora kuliko kila siku kwa mwezi mmoja kisha kimya. Weka akiba ya makala tatu zilizokamilika kabla ya kutangaza ratiba yoyote. Umeme ukikatika au mtoto akiugua, akiba itakushikia zamu.

Mimi napenda picha, naweka hata kumi na tano. Mbona wasomaji wanalalamika? (Msomaji, Tanga)

Wanalalamikia bando. Picha ya simu za sasa mara nyingi ina MB 3 hadi 5. Picha 15 za MB 4 ni MB 60, na msomaji mwenye kifurushi cha siku hatakulipia hizo. Mtandao ukiwa mzito, picha zinafunguka nusunusu na maandishi yanarukaruka kila moja inapoingia, hadi mtu anapoteza mstari aliokuwa anausoma.

Punguza upana hadi pikseli 1,200 na ubora wa JPEG uwe 75 hadi 80. Picha nyingi hapo zitashuka hadi KB 150–300, na kwenye simu jicho halitaona tofauti. Squoosh hufanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Njia ya mkato ni kujitumia picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, si kama dokumenti, kisha kuihifadhi upya. Inapungua uzito, na taarifa za mahali ilipopigwa zinaondoka. Hilo la pili si dogo: simu nyingi zikiwashwa huduma ya mahali huandika ndani ya picha latitudo na longitudo, na uliyempiga picha uani kwako umemwonyesha kila mtu nyumba yako ilipo.

Kisha chagua. Picha nne, kila moja na kazi yake. Maelezo chini yake yaseme kisichoonekana: "Pichani ni soko la samaki" ni upotevu wa mstari, kwa sababu samaki tunawaona. Tuambie ni saa ngapi, mzee mwenye kofia ananadi nini na ndoo imeishia bei gani. Na usipige picha ya maandishi ukaiweka badala ya kuyachapa. Haitafutiki, haikuziki vizuri, na asiyeona anayetumia simu inayomsomea hapati kitu.

Makala zangu zinazosomwa zaidi ni za mambo ya nyumbani, lakini mama mkwe amekasirika. Niache? (Msomaji, Kigoma)

Usiache nyumba, acha mama mkwe. Kanuni inayosaidia ni kuuliza habari ni ya nani. Uchovu wako, aibu yako na ulivyojifunza kupika ugali wa muhogo ni vyako. Ugonjwa wa mtu mwingine, deni lake, ndoa yake na matokeo ya shule ya mtoto ni vyake, hata kama vimetokea sebuleni kwako.

Kubadilisha jina hakutoshi. Mtaa mzima unajua una mama mkwe mmoja. Ukitaka kisa kibaki, ondoa anayetambulika na ubaki na lililokutokea wewe. Kama haiwezekani, mwonyeshe makala kabla haijatoka na ukubali akisema hapana. Watoto wasiandikwe majina kamili wala shule, maana watakuja kuyasoma wakiwa na miaka ishirini, na mwajiri wao pia. Tena sheria haiko mbali: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Lakini usigeuke upande wa pili ukaandika familia isiyogombana. Nyumba ambayo kila siku ni ibada, keki na tabasamu haisomeki mara mbili.

Nitumie Kiswahili sanifu au cha mtaani? (Msomaji, Mombasa)

Tumia unachosemea. Wa Mombasa akiandika kama msomaji wa taarifa ya habari ya Dar es Salaam, maneno yake yanakuwa safi na hayana mtu ndani. Msomaji wa Bukoba ataelewa neno lako la kwenu kutokana na sentensi, kama lile linalolizunguka liko wazi. Usiliwekee tafsiri kila mara.

Lahaja si kisingizio cha uzembe, hata hivyo. "Xaxa", "cjui" na nukta kumi mfululizo humchosha msomaji, kwa kuwa inabidi ayafumbue kabla ya kuyaelewa. Soma makala kwa sauti, ukipenda jirekodi. Ukikatika pumzi, weka nukta. Ukisikia hotuba, andika upya. Sentensi yenye "ambayo" tatu ivunjwe, kila moja ina sentensi yake ndani.

Blogu yangu imepambwa vizuri, ina rangi na muziki. Kuna kingine cha kuongeza? (Msomaji, Zanzibar)

Cha kupunguza. Muziki unaoanza wenyewe utoke leo. Kuna anayesoma yuko kazini, na mwingine yuko kitandani kando ya mtoto aliyelala. Maandishi mekundu juu ya weusi yatoke. Ukubwa wa herufi uwe pikseli 16 hadi 18, nafasi kati ya mistari iwe 1.5, na kwenye kompyuta mstari usizidi herufi 75, vinginevyo jicho likirudi kushoto linakosa mstari unaofuata. Dirisha linaloruka kumwomba mtu ajiunge kabla hajasoma sentensi moja linamwomba kura ya mgombea asiyemjua.

Vitu vitatu visivyopendeza kwa macho ndivyo vinavyokosekana mara nyingi. Tarehe kwenye kila makala: bei ya sukari isiyo na mwaka haina maana. Ukurasa wa "Kuhusu mimi" wenye sentensi tano za kweli: uko wapi kwa jumla, unafanya nini, unaandika nini, makala zipi tatu mgeni aanze nazo. Na orodha ya makala zote, kwa sababu aliyefurahia moja hutaka kuingia stoo.

Mwisho, hakikisha mlisho wako wa RSS unafanya kazi, yaani anwani inayompelekea msomaji makala zako mpya kwenye programu yake bila yeye kuja kuzitafuta. Wengi walidhani umekufa Google ilipofunga Reader, huduma yake ya kusomea milisho hiyo, mwezi Julai 2013, lakini Blogger na WordPress bado huutengeneza zenyewe. Kwenye Blogger ongeza /feeds/posts/default mwisho wa anwani yako, kwenye WordPress ongeza /feed. Kisha ingia kwenye mipangilio uchague mlisho utoe makala nzima, si aya ya kwanza pekee. Wanaofuata blogu kwa njia hiyo ni wachache, ila ndio wanaosoma hadi nukta ya mwisho.