Kwanza niambie ilikuwa saa ngapi

Mwanangu Rehema,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema mmepewa kesi ya Parks, yule wa Canada aliyejitetea kwamba aliua akiwa usingizini, mmeijadili kwenye darasa lenu la sheria mpaka mkanuniana, na sasa unataka mama yako, aliyekesha miaka yote ile akisoma mawimbi ya ubongo wa watu waliolala, akate shauri: mtu akiua usingizini, ana hatia au hana?

Hatia sina waya wa kuipimia. Ninachoweza kukuambia ni kwamba usingizi si mmoja, na kabla ya kuuliza mtu alifanya nini, uliza ilikuwa saa ngapi. Najua kaka yako huniigiza kwa neno hilo, na miwani anaishusha puani. Aendelee tu.

Chukua mtu mzima anayelala saa nne usiku. Usingizi wake mzito kwa sehemu kubwa umejazana kwenye theluthi ya kwanza ya usiku. Karatasini unaonekana kama milima: mawimbi makubwa ya polepole, yasiyozidi mawili kwa sekunde, yenye kimo cha mikrovolti 75 kwenda juu. Sisi huukata usiku vipande vya sekunde 30, na milima hiyo ikishika angalau sekunde 6 za kipande, tunaandika usingizi mzito. Baada ya kama dakika 90 huja usingizi wa ndoto wa kwanza, wa dakika chache tu. Mzunguko huo hurudi mara nne hadi sita, na kila unaporudi mlima unapungua na ndoto inarefuka, mpaka ile ya alfajiri inaweza kupita nusu saa.

Sasa, katika usingizi wa ndoto mwili umefungwa. Kwenye shina la ubongo kuna kundi dogo la chembe zinazotuma amri kushuka uti wa mgongo, na huko kemikali mbili, glisini na GABA, huzinyamazisha neva zinazoendesha misuli. Zinazosalimika ni za macho na za kiwambo cha kupumulia, vinginevyo tungekufa kila alfajiri. Waya tunaoubandika kidevuni kupima misuli, uliokuwa ukitikisika usiku kucha, unachora mstari mtulivu kama uzi. Kwa hiyo unaota unakimbia na miguu iko palepale kwenye shuka. Na ukizinduka kabla kufuli halijaachia, unaona kila kitu na huwezi kuinua kidole: hilo ndilo jinamizi, ambalo watu wamelitungia majina ya kila aina ya viumbe.

Mambo huharibika kwa njia mbili, na mawakili wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni yako, kutembea usingizini. Hii hutokea kwenye usingizi mzito, mara nyingi saa moja au zaidi baada ya kulala. Kitu kinamgutua mtu, iwe kelele, kibofu kilichojaa, homa au pumzi iliyokatika kwa kukoroma, naye anaamka nusu. Sehemu za ubongo zinazoendesha viungo na hofu zinaamka. Ile ya mbele, inayopima na kujizuia, inabaki imelala, na mitambo ya kumbukumbu pamoja nayo. Ulikuwa na miaka saba na homa. Saa tano na robo ulitoka chumbani macho wazi, ukapita mbele ya kaka yako kama hayupo, ukakaa juu ya kapu la nguo chafu na kuanza kufunga kamba za viatu ambavyo hukuvaa. Ulifunga fundo zuri kabisa, hewani. Nikakugeuza kwa bega, ukarudi kulala, na asubuhi ulituita waongo.

Mtu wa namna hii haoti mkasa mrefu; akikumbuka, ni kipande tu cha picha. Na huwa hamtafuti mtu wa kumdhuru. Akidhuru, mara nyingi ni kwa sababu yule mtu alimshika, alimzuia njia au alimpigia kelele.

Ya pili ni ya babu yako, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Saa kumi alfajiri. Nimeijua saa hiyo baadaye sana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Babu yako alimpiga bibi yako ngumi ya taya akiwa amelala, macho yamefumbwa. Bibi alimwita kwa jina mara moja tu, babu akaamka pale pale, akili timamu, akaanza kueleza: mbwa alikuwa anamrukia bibi, naye alikuwa akimkinga. Alilia. Nani aliyemwamini? Mama yako mkubwa aliitisha kikao akatoa ile kauli yake kwamba mtu hapigi ndotoni asichokitamani akiwa macho. Bibi akahamia chumba cha pili. Miaka minne mzee yule aliishi kama mshtakiwa nyumbani kwake, akiacha mlango wazi usiku ili asikike. Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo, nilimuuliza, "Mmegombana?" Sikumuuliza saa ngapi.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Hatua zikawa fupi. Ndipo tukakumbuka jinsi alivyokuwa akilalamika kwamba hasikii tena harufu ya kitu chochote, tukadhani ni uzee, kumbe ni ugonjwa wa ubongo unaotetemesha viungo. Parkinson.

Lakini zile ngumi za usingizini ni ugonjwa wake wenyewe, na kule Minnesota, Marekani, madaktari Schenck na Mahowald walikuwa wameshaueleza mwaka 1986: kufuli la misuli linavunjika, na mtu anaigiza ndoto yake kwa mikono na miguu. Hata kabla yao, mtafiti Jouvet huko Lyon, Ufaransa, aliharibu sehemu hiyo ndogo ya shina la ubongo wa paka, na paka waliolala wakasimama, wakanyemelea panya wasiokuwepo. Ilikuwa 1965. Kwa hiyo maarifa yalikuwepo, mwanangu, kabatini kwangu. Wengi wanaoshikwa ni wanaume waliopita miaka 50, na kwa wengi wao, ukiwafuatilia miaka kumi na zaidi, huja Parkinson au ugonjwa wa ukoo wake. Walipopimwa ukali wao wa mchana, hawakuonekana wakali kuliko wengine, ingawa ndoto zao zimejaa wanyama na wavamizi. Hilo ningependa mtu alisome kwa sauti mbele ya dada yangu.

(Dawa baadhi za sonona nazo huweza kulivunja kufuli hilo, hata kwa kijana, kwa hiyo muulize mtu anameza nini kabla hujamwogopesha na Parkinson. Na pumzi inayokatika usingizini huweza kuiga ugonjwa wenyewe, kwa hiyo hautambuliwi bila kulaza mtu usiku mzima chini ya kamera, na waya kidevuni na mikononi. Tiba ni melatonini miligramu 3 hadi 12 wakati wa kulala, au klonazepamu kuanzia robo ya miligramu, ambayo kwa mzee anayeyumba au anayekoroma ni ya kutolewa kwa tahadhari. Kabla ya vyote, ondoa kioo, taa na kona kali karibu na kitanda.)

Linganisha sasa. Wewe: mapema usiku, macho wazi, unatembea, huamshiki, hukumbuki. Babu: alfajiri, macho yamefumbwa, hatoki kitandani, anaamka upesi, anasimulia kila kitu. Wakili akikuletea mteja aliyetembea nyumba nzima saa kumi alfajiri, macho yamefumbwa, kisha akasimulia ndoto ndefu yenye mwanzo na mwisho, amechanganya karata za pakiti mbili.

Basi Parks. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Mei 1987 alisinzia mbele ya televisheni, baada ya siku za kukosa usingizi kwa sababu ya madeni ya kamari. Akaendesha gari kilomita 23 hadi kwa wakwe zake, akamuua mama mkwe na kumjeruhi vibaya baba mkwe, kisha akajipeleka mwenyewe polisi, mikono imekatwa mpaka kano, akisema anadhani ameua watu. Mashahidi watano wa kitaalamu walikubaliana kwamba alikuwa usingizini. Akaachiwa huru, na mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Canada ikauacha uamuzi huo usimame.

Mikono ile ndiyo inayonishika. Mtu aliyekatwa kano halafu hasikii maumivu wala hajifichi, na nyuma yake ukoo mzima wa watu wanaotembea na kuweweseka usiku. Hakutaka kitu, hakupata kitu, na wakwe walikuwa wakimpenda. Yote hayo ndiyo tunayoyatafuta. Lakini kilomita 23! Mataa, kona, magari mengine. Vituko vya usingizi mzito kwa kawaida ni vya dakika chache. Hapo najibishana peke yangu: barabara aliijua, mikono huendesha bila mwenyewe, hata walio macho hufika nyumbani wasikumbuke njia. Halafu najijibu: aliye macho akipigiwa honi hugeuka.

Weka kando yake kesi ya Arizona ya 1997. Mume alimchoma mkewe visu 44, naye akasema alikuwa usingizini. Ila alibadili nguo, akavaa glavu, akaficha kisu na nguo zenye damu kwenye buti la gari, akarudi kumtumbukiza mke kwenye bwawa la kuogelea, jirani akiona. Usingizi mzito haufichi kisu. Kuficha ni kazi ya ile sehemu ya mbele, na ikishaamka, mtu ameamka. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani 1999, nami sikushangaa.

Wenzako wa Uingereza nao, katika kesi ya Burgess ya 1991, waliamua kwamba kutembea usingizini ni kasoro ya akili itokayo ndani, kwa hiyo mshtakiwa hakuhesabiwa hatia lakini alipelekwa hospitali. Canada, mwaka mmoja baadaye, ikasema nenda nyumbani. Mwili ni ule ule. Hapo ndipo kazi yenu inapoanzia na yangu inapokoma.

Na usikubali mtu akuambie kipimo kimethibitisha. Ukimlaza mshtakiwa maabara miezi sita baadaye, unajua analalaje miezi sita baadaye. Akitembea mbele ya kamera, una mtu anayeweza kutembea. Asipotembea, huna lolote, wengi hulala maabara kama wafu. Usiku ule wenyewe haukuwa na waya. Pombe ikiwa imeingia, utata unazidi: mlevi asiyekumbuka na aliyelala asiyekumbuka hufanana sana asubuhi, na mimi hapo huegemea ulevi.

Unataka neno langu kuhusu Parks. Nimeliandika hapa mara mbili na mara mbili nimelikata, utaona wino. Ungenikamata jikoni saa mbili usiku ningekutamkia. Kwenye karatasi nakuambia tu kwamba kwa ushahidi uliokuwa mezani, baraza lisingeweza kuamua vingine. Usinilazimishe zaidi, ingawa kilomita zile bado nazihesabu.

Ila jambo moja nimeliona kwenye barua yako, umelipitisha kama utani: mumeo alikukuta wima mlangoni wiki ya mitihani. Ilikuwa saa ngapi? Kukosa usingizi ndiko kunakokurudisha kwenye lile kapu la nguo. Lala saa zako zote, usiguse vidonge vya usingizi vya zolpidemu hata rafiki akikupa, maana vyenyewe huwatembeza watu. Na mwambie mumeo asikushike mkono wala kukutikisa. Aseme jina lako taratibu, asimame pembeni, si mbele yako, akuelekeze kitandani kwa kiganja mgongoni. Funguo za gari aziweke mahali usipopajua.

Mama yako