Kutoa injini mbili nzito ndani ya boti yenye kabini

Ndugu, umeuliza kama injini zako mbili za dizeli zinaweza kutolewa hapa Kisumu bila kreni na bila kukata paa la kabini. Inawezekana, mradi boti ipandishwe nchi kavu na kuegemezwa imara.

Injini ya dizeli ya silinda 6 pamoja na giaboksi yake inaweza kuzidi kilo 500, kwa hiyo ni busara kuipunguza uzito ikiwa bado mahali pake: ondoa alteneta, stata, manifoldi ya ekzozi (bomba linalokusanya moshi wa injini) na hatimaye giaboksi, ambayo ikishatenganishwa na shafti ya propela na kutolewa, huifanya injini iwe fupi na rahisi kupitisha mlangoni. Betri, oili na maji ya kupozea viondolewe mapema.

Boriti ya kuning'inizia cheni bloku (kifaa cha kunyanyulia mizigo kwa kuvuta mnyororo) isiegemezwe kamwe juu ya paa, kwa kuwa faibaglasi hiyo haikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Simamisha nguzo zinazoshuka hadi kwenye mihimili ileile inayobeba injini, na chini ya kila nguzo uweke ubao mnene. Inua sentimita chache, simama, kagua pete za kunyanyulia, ndipo uisogeze juu ya mbao hadi sitaha ya nyuma. Mtu yeyote asipitishe mkono chini ya injini inayoning'inia, hata kwa kitambo kidogo. Nakusihi sana katika hili.

Kushusha hadi chini kufanyike asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuuyumbisha mzigo. Injini ya kwanza ikishatoka, uzito utahamia upande mmoja, hivyo kaza upya magogo yanayoegemeza boti kabla ya kuigusa ya pili.