Gitaa Kavu: Nishee Nyimbo Zangu ama Ningoje?

SWALI: Habari yako kaka. Niko Kondele hapa Kisumu, nimepiga gitaa miaka sita na nina nyimbo tatu nimetunga mwenyewe, za kutuliza roho, gitaa kavu tu (lile la mbao lisilotumia umeme) bila kuimba. Nataka kushea na wapiga gitaa wenzangu mtandaoni lakini nikirekodi na simu inatoka kama niko ndani ya debe, halafu beshte yangu ananiambia wataiba. Nifanye aje?

JIBU: Ndugu yangu, nimefurahi sana kupata hii barua. Hilo debe si simu, ni nyumba. Ukuta wa simiti mtupu na mabati juu vinarudisha sauti, kwa hivyo ngoja usiku boda zikipungua, ning'iniza blanketi nyuma yako na ingine mbele, kisha weka simu kama shubiri moja na nusu kutoka kwa gitaa, iangalie pale shingo inashikana na mwili, karibu freti ya 12 (freti ni vile vyuma vidogo vinavyokata shingo). Usiielekeze kwa tundu la gitaa, hapo besi inavuma mpaka inameza nyuzi nyembamba. Tyuni tena kila ukirudia, na kama nyuzi ni mpya ndo zaidi maana zinalegea haraka. Ule mlio wa vidole vikiteleza uache tu, ni wa gitaa.

Na usione haya ati ni gitaa moja. Mpiga gitaa George Mukabi wa Kisa, kule Kakamega, alifariki 1963 na omutibo yake, ule mtindo wake wa gitaa kavu, ilikuwa gumba linatembea na besi, kidole cha shahada kinaimba juu, chupa ya Fanta inagongwa kushika taimu, basi, na mpaka leo watu wanakaa chini kuifuatisha nyuzi kwa nyuzi.

Wizi upo, siwezi kukudanganya. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda wimbo wako ukisharekodiwa tu, kusajili si lazima, ingawa cheti cha KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, kinasaidia mkibishana. Faili ya kwanza yenye tarehe usifute kamwe.

Ukiweka wimbo usiandike "mwaonaje", utajibiwa "moto sana" na hapo utabaki vile ulivyokuwa. Uliza kitu kimoja, kwa mfano kama ile sehemu ya katikati inakaa sana, waambie umetyuni vipi na kapo (kile kibanio cha shingoni) iko freti gani, na za wenzako pia uzisikize mpaka mwisho kabla hujaomba wasikize yako. Anza na ule mfupi kati ya hizo tatu, hata leo usiku kama mvua haitapiga mabati.