Umeapdeti seva na VM imepoteza GPU? Usianze kupesti hovyo

Wakuu, kama nyumbani una Proxmox (mfumo wa seva unaoendesha kompyuta pepe, yaani VM, ndani ya mashine moja) na GPU, yaani kadi ya picha, umeipa VM moja kwa moja, hii itakukuta siku moja kama bado haijakukuta. Mimi ilinikuta 2022, wakati Proxmox 7.2 imetoka.

Mashine yangu ni Ryzen 5 3600, ambayo haina grafiki zake za ndani, so kadi ni moja tu, GTX 1050 Ti, na hiyo moja nimeipa VM ya Windows ambayo mdogo wangu anaeditia video za harusi. Yaani seva yenyewe haina monita yake, ukitaka kitu unaingia kwa browser port 8006. Alinifungia jamaa yangu mmoja anayezijua hizi mambo, mimi nimekaa pembeni nakunywa chai naangalia tu, na ile chai ndo imekuja kunigharimu.

Alhamisi usiku nikaona apdeti, nikabonyeza, ikapanda vizuri, nikaristati nikalala. Asubuhi dogo ananipigia, "kaka, monita imekufa", na video ya send-off inatakiwa Jumamosi. Naangalia VM inasema running, kijani kabisa, ila monita nyeusi tii. Nikapiga dmesg, yaani log ya keneli (kiini cha mfumo), mstari mmoja unajirudia mpaka umejaa skrini nzima:

vfio-pci 0000:07:00.0: BAR 1: can't reserve [mem 0xe0000000-0xefffffff 64bit pref]

vfio-pci ndiyo draiva inayoishikilia kadi kwa ajili ya VM, na hapo inalia kwamba imeshindwa kuchukua memori ya kadi. Hapa ndo nilipoharibu. Nikaanza kukopi kila ninachokutana nacho, nomodeset, pcie_acs_override, sijui nini, vyote napachika kwenye /etc/default/grub, faili la GRUB, programu ya kuiwasha keneli, napiga update-grub, ristati, hola. Naongeza kingine, ristati, hola. Saa nane usiku, nimechoka hata sijui nafanya nini, nikaandika cat /proc/cmdline, hiyo inakuonyesha keneli imeamka na maneno gani. Hakuna hata neno langu moja. Hata moja! Kumbe Proxmox yangu iko kwenye ZFS (mfumo wa faili za diski) na UEFI (BIOS ya kisasa), inabuti kwa systemd-boot, programu nyingine ya kuwasha, GRUB haihusiki kabisa. Inayosomwa ni /etc/kernel/cmdline, na ukishaiedit lazima upige proxmox-boot-tool refresh. Siku nzima nimekuwa naandika barua kwenye nyumba isiyo na mtu.

Sasa kwenye hilo faili nikakuta jamaa aliweka video=efifb:off, na shida ilikuwa hapo hapo. Kadi yako ikiwa ndiyo ile ile ambayo BIOS inachorea picha wakati wa kuwaka, keneli inabaki imeshika kipande cha memori ya hiyo kadi, kama mpangaji aliyehama na funguo. Fungua /proc/iomem utaona neno BOOTFB limekaa ndani ya anuani za kadi. Zamani hiyo efifb:off ilikuwa inamtoa, keneli ya 5.15 iliyokuja na 7.2 haiisikilizi tena, unatakiwa kuweka initcall_blacklist=sysfb_init. Nikaweka, refresh, ristati, Windows ikatokea. Ila hakikisha ssh (kuingia seva kupitia mtandao) inafanya kazi kabla hujaweka, maana baada ya hapo keneli ikiwaka hutaona kitu kwenye monita mpaka VM iwake.

Leo ikitokea tena siendi huko kwanza. Kwanza narudi keneli ya zamani, kwenye menyu ya kubuti ipo, au proxmox-boot-tool kernel list halafu kernel pin na namba yake. Ikiwaka na GPU ikafanya kazi, basi kadi nzima, VM nzima, ugomvi uko kwenye keneli mpya tu, na dogo anaendelea na kazi yake wakati mimi natafuta taratibu.

Kisha lspci -nnk -s 07:00, uangalie "Kernel driver in use". Ikisema vfio-pci sawa. Ikisema nouveau au nvidia, draiva ya kawaida imeiwahi kadi, na mara nyingi ni kwamba zile ID za kadi ulizoandika kwenye /etc/modprobe.d hazijaingia kwenye initramfs (kifurushi kinachopakiwa keneli inapowaka), piga update-initramfs -u -k all uristati. Angalia na 07:00.1, ile ya sauti, watu wanaisahau halafu snd_hda_intel, draiva ya sauti, inakaa nayo.

Na si kila erro ni mchawi. Nilipopanda Proxmox 8 mwaka 2023, log ikalia kwamba moduli ya vfio_virqfd haipo, moyo ukapiga paa. Kumbe kuanzia keneli 6.2 imeunganishwa ndani ya vfio, unaifuta tu kwenye /etc/modules. Na wenye Ryzen bado wanapesti intel_iommu=on, haidhuru wala haisaidii. Kwa AMD, watengenezaji wa Ryzen, IOMMU (inayoruhusu kadi kupewa VM) ikikosekana nenda BIOS, hasa kama umeiapdeti juzi, SVM (uwezo wa CPU kuendesha VM) na IOMMU huwa zinarudi kuzimwa kimya kimya.

La mwisho hili limenitoa jasho kuliko yote: ukichomeka diski mpya ya NVMe, namba za vifaa zinaweza kusogea. GPU yangu ilihama 07:00 ikaenda 08:00, na kadi ya mtandao ndo ikakaa 07:00, VM ikawaka yenyewe ikaibeba, seva ikapotea hewani. Zima "Start at boot" ya hiyo VM kabla hujafungua kava.

Video ya send-off iliwahi. Ile mistari yangu ya kwenye grub mpaka leo ipo, sijaifuta, hakuna anayeisoma.